Mashua ya urithi inavuja ingawa ina rangi mpya

Ndugu, umeuliza kwa nini mashua ya marehemu babu inavuja baada ya kukaa nchi kavu msimu mzima wa masika, na kama rangi nyingine itaziba. Haitaziba. Mbao zimekauka, mianya imefunguka. Rangi juu yake itapasuka tu.

Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Hapo Lamu maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, kwa hiyo unapata asubuhi nzima ya kufanya kazi kando ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya mashua. Ng'oa taratibu pamba kuukuu iliyoziba mianya, usichimbe mbao. Ikitoka nyeusi na inanuka, imeoza. Tazama na misumari ya jirani: ukiona kutu inachirizika kwenye ubao, msumari umeliwa, na kalafati (kuziba mianya kwa pamba) hapo ni kazi bure mpaka ubadilishwe. Sokota pamba mpya, ichovye mafuta ya nazi, ipige kwa patasi butu hadi izame kidogo ndani ya mwanya. Usishindilie mno (wengi huharibu hapa): mbao zikinywa maji hufura, na zikikosa nafasi zinasukumana hadi misumari inalegea.

Sehemu inayokaa majini ipake deheni, yaani chokaa na shahamu, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao.

Ukiishusha itavuja siku mbili tatu, ni kawaida. Fua maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya mashua, asubuhi na jioni. Tanga lisuuze chumvi, likauke kabisa kabla ya kulikunja, na usitoke nje ya mwamba upepo wa kusi ukivuma kabla maji ya ngama hayajakoma kuingia.