Kijana anatoa banzi msumeno ukiwa unazunguka, ni uzembe kweli?

SWALI: Mkuu, nasimamia kiwanda kidogo cha mbao huku Mafinga, tunatumia dingdong, ile mashine ndogo ya kupasua magogo yenye msumeno wa duara na injini ya dizeli. Vijana wanaingiza mkono kutoa banzi lililokwama msumeno ukiwa unazunguka. Nimebandika tangazo, nimekata posho, wapi. Bosi anasema ni uzembe tu. Nimesoma kuna hesabu za kupima uwezekano wa mtu kukosea kazini, nianzie wapi?

JIBU: Kaka, hesabu ziache kwanza. Mwongozo maarufu wa namba hizo ni wa 1983, ulitengenezwa kwa ajili ya vinu vya nyuklia vya Marekani, na hata huko huwezi kupiga hesabu kabla hujaichambua kazi hatua kwa hatua. Anzia hapo kwenye kuchambua, inataka daftari na kalamu tu.

Simama pembeni asubuhi uandike wanachofanya, sio kilichoandikwa ukutani (na waambie kabisa hakuna anayekatwa hela, la sivyo siku hiyo utaonyeshwa adabu tupu). Gogo linapanda, linasukumwa, banzi linachanika, linakwama pembeni ya msumeno. Kila hatua jiulize anaweza kukosea vipi, atajuaje kama kakosea, na akishajua bado ana nafasi ya kurekebisha? Kwenye banzi hilo la mwisho jibu ni hapana, kwa hiyo muda wako mwingi upeleke hapo.

Halafu muulize opereta mwenyewe kwanini hazimi. Mimi naotea tu: kuwasha injini ya dizeli upya ni kupiga hendeli, na baridi ya Mafinga mwezi wa saba unaijua, ukizima msumeno nao hausimami papo hapo, na kama wanalipwa kwa idadi ya mbao basi anayetii tangazo lako anaondoka na hela kidogo kuliko asiyetii. Sasa hapo uzembe uko wapi? Huyo kaamua, na kazi ndo imemsukuma aamue hivyo. Aliyeteleza mkono ni kesi nyingine kabisa, huyo hata umfundishe mara mia atateleza tena, anataka kava la msumeno sio semina.

Kwa huyu wako, fundi wa kuchomelea aweke mkono wa kulegeza mkanda, msumeno usimame injini ikiendelea kunguruma, na breki kama inawezekana maana akilegeza bado lazima asubiri usimame kabisa. Fimbo ndefu ya kusukumia mabanzi ifungwe pale pale mezani, ikikaa stoo hakuna atakayeifuata. Glavu za kitambaa karibu na msumeno marufuku, zinanaswa zinavuta mkono mzima.

Bosi akigoma kutoa hela mwonyeshe Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kukinga mashine hatarishi ni jukumu la mwajiri. Hilo la malipo kwa mbao nalo mguse, angalau muda wa kusimamisha mashine ulipwe.

Baada ya wiki kadhaa rudi usimame pale pale uone kama fimbo inatumika au imeshageuka kuni za chai.