Dafu hataki tena beseni lake la mchanga

SWALI: Daktari mwanangu, habari za kazi. Mimi nipo Mikindani. Nina paka dume anaitwa Dafu, kwa weupe wake. Amehasiwa tangu mdogo na mwaka huu anafikisha miaka 13. Miaka yote hiyo anajisaidia kwenye beseni la mchanga bafuni, uani, wala hajawahi kunitia aibu. Mvua zilivyoanza mwaka jana nikamwita fundi akainua kizingiti cha bafu kwa tofali moja, maji yasiingie. Toka Januari Dafu ameharibika. Mkojo anamwaga kwenye mkeka wa sebuleni, haja kubwa anaiacha mlangoni mwa bafu, beseni lipo pale pale analiona! Nilimwaga mchanga nikaweka maranda ya kwa seremala, ndiyo kwanza akazidi. Mume wangu anasema ni jeuri, nimsugue pua kwenye mkojo wake. Jirani anasema nimpe nusu ya Panadol, huenda anaumwa kiuno. Mwezi ujao binti yangu anakuja kujifungulia hapa na nyumba inanuka. Nisaidie.

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu anayekuja.

Kabla ya yote, hiyo nusu ya Panadol usimpe. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja parasetamoli kama letu. Ikimwingia inaharibu damu isiweze kubeba hewa, ufizi unageuka kahawia, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 ni cha mtu mzima. Nusu yake kwa paka wa kilo nne inaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zibaki kabatini. Jirani amesema kwa nia njema, na kwa kweli hata ugonjwa amekaribia kuutaja.

Maana katika barua yako kuna mahali umepita haraka, mimi nikarudi kupasoma tena: kizingiti kiliinuliwa kwa tofali, na haja kubwa inaachwa mlangoni mwa bafu. Paka aliyelikataa beseni hapotezi muda kwenda bafuni, anatafuta kona yake nyuma ya kochi akamaliza. Dafu anakwenda. Anafika mlangoni, anakuta ukuta wa tofali, na ng'ambo yake kuna ukingo wa beseni wa kuruka tena, sakafu imelowa na inateleza. Haja imembana, viuno vinauma, anamalizia pale pale. Mkojo nao hausubiri safari ya uani, ndiyo maana unaishia sebuleni.

Utaniuliza mbona hachechemei. Paka ni msiri wa maumivu. Anaacha mambo kimyakimya: leo hapandi dirishani, kesho hajilambi mgongoni, manyoya yanasokotana karibu na mkia, kucha zinarefuka kwa sababu hakwaruzi tena. Mwaka 2002 madaktari wa wanyama Marekani walichapisha matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12. Tisini kati yao walikuwa na viungo vilivyochakaa, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwadhania. Mtazame Dafu akishuka kwenye kiti. Akisitasita na kuzitanguliza za mbele kwa woga, akatua kwa kishindo, umeshapata nusu ya jibu.

Nusu nyingine siwezi kukupa kwa barua, kwa sababu paka wa miaka 13 anaweza kuwa na viungo vibovu na figo mbovu kwa wakati mmoja. Figo zikichoka haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anakunywa sana, anakojoa sana, beseni linalowa upesi naye anachukia kukanyaga maji. Kisukari kinafanya hivyo hivyo. Niliwahi kuletewa paka kutoka Lindi mjini, wenyewe wakiamini ametumwa, kwa sababu alikuwa anakojolea mswala. Nikauliza kama sisimizi wanakusanyika pale anapokojoa. Wakatazamana. Tulipopima, sukari ilikuwa juu. Sisimizi si kipimo, mama, wanafuata mengi, lakini ukiwaona niambie. Kuna pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: huyo anakula kama hana mwisho na bado anakonda. Halafu kuna maambukizi ya kibofu, na kuna choo kigumu kinachomuumiza hadi akaamini kwamba beseni ndilo linalomuuma.

Nyumbani unaweza kuanza na maji. Asubuhi jaza bakuli kwa kipimo unachokijua, chupa ya nusu lita inatosha, funga ndoo na masufuria mengine yote asiyafikie, kesho yake pima kilichobaki. Paka wa kilo nne akinywa zaidi ya mililita 200 kwa siku moja hiyo si kawaida. Kumbuka tu kwamba anayelishwa dagaa wakavu atakunywa zaidi ya anayekula samaki wa kuchemsha na supu yake, na kama mnampa ng'onda wa chumvi, acheni kwanza siku tatu ndipo mpime.

Mkojo wenyewe ukipatikana ni bora zaidi. Safisha beseni, suuza sabuni yote itoke, kisha badala ya mchanga weka kokoto ndogo zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hazinyonyi. Akishakojoa, inamisha beseni, vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, peleka kwa daktari wa mifugo ndani ya saa moja. Ukichelewa uweke kwenye friji, lakini ufike siku hiyo hiyo. Kijiti cha kupimia sukari na damu kwenye mkojo ni kitu cha bei ndogo. Damu ya kuangalia figo ni shughuli zaidi, na hapo daktari wako aulizie kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo Mtwara, au apange njia nyingine ya kuipima. Usikate tamaa ukikutana na ofisa mifugo ambaye mikono yake imezoea mbuzi na kuku. Mwambie maneno haya matatu: mkojo, figo, viungo.

Kuna hali moja isiyongoja vipimo. Dafu ni dume, na njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, anajilamba chini, na hakitoki kitu au yanatoka matone, mbebe siku hiyo hiyo hata kama ni Idi. Mkojo ukiziba anakufa ndani ya siku moja hadi tatu.

Sasa tuje kwenye beseni.

Wengi wanaoniuliza wanataka mbinu ya kumfanya paka arudi kule choo kilipo. Kwa mzee kama huyu mimi nafanya kinyume: choo kimfuate. Mkeka wa sebuleni anapokojolea uondoe, na pale pale, si pembeni, weka beseni jipya. Najua mama, ni sebuleni, na wageni wa uzazi wanakuja. Vumilia wiki tatu. Akishalizoea na kulitumia bila kukosea, anza kulisogeza shubiri moja kwa siku kuelekea kona unayoitaka. Siku akikosea, rudisha shubiri mbili, tulia hapo. Kona iwe ndani ya nyumba, sakafu moja na anapolala, mbali na sahani yake ya chakula. Hata sisi hatuli chooni. La pili liweke kwenye korido upande wa uani, kabla ya kizingiti. Kwa paka mmoja mzee mabeseni mawili si anasa.

Beseni lenyewe liwe pana. Kipimo chetu ni mara moja na nusu ya urefu wake kutoka puani hadi shina la mkia, kwa hiyo dumu la mafuta la lita 20 lililopasuliwa ubavuni, ambalo wengi hulitumia, kwa paka mkubwa halitoshi: anaingia kichwa, makalio yanabaki nje, mnamlaumu bure. Chukua beseni kubwa la kufulia, kata mdomo upande mmoja mpaka ukingo ubaki na kimo cha vidole vitatu kutoka chini. Kisu kilichopashwa moto kinakata plastiki vizuri, kisha piga msasa isimchane tumbo. Chini ya beseni tandika kipande cha zulia kuukuu au raba lisiteleze. Usiku mwachie taa ndogo karibu. Macho ya uzeeni hayaoni gizani kama zamani, na umeme wetu mnaujua.

Maranda yatoe. Amekanyaga mchanga miaka 12, nyayo zake zinajua mchanga ndio choo, wewe ukambadilishia ardhi katikati ya maumivu. Isitoshe maranda ya mbao mbichi yana harufu kali, na mbao nyingine zimetiwa dawa ya wadudu. Mchanga wa ufukweni nao sikushauri ingawa Mikindani umeuzunguka: chumvi yake inavuta unyevu, haukauki, na akijilamba nyayo anaimeza. Tafuta ule mchanga laini wa kupigia lipu, uchekeche, uoshe mara mbili, uanike juani hadi ukauke kabisa. Kina cha sentimita tatu hadi tano kinatosha, mwingi zaidi unamyumbisha mwenye viungo vibovu. Na kwa kuwa tupo mkoa wa korosho na kuna mtu ameshaniuliza: maganda ya korosho usiyatumie kabisa. Yale mafuta yake yanayobabua mikono ya wabanguaji yatambabua na nyayo.

Kinyesi na mchanga uliolowa toa kila siku, ikiwezekana mara mbili. Beseni lote oshwa kwa wiki mara moja kwa sabuni ya kawaida na maji moto. Dawa zile za sakafuni zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa kwenye maji ziache, zina sumu kwa paka na harufu yake inamkimbiza.

Harufu ya nyumba. Mkeka wa ukindu uliokojolewa tangu Januari, samahani mama, umekwenda. Tunaweza kuuanika wiki nzima na pua yako ikaridhika, ya kwake itaukuta mkojo bado upo. Sakafu ya saruji inanyonya pia. Loweka madoa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya (soma ubavuni mwa pakiti), iache robo saa, suuza, kausha, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo: vikikutana vinatoa hewa inayochoma mapafu, na hilo si la kufanya nyumba inayosubiri mzazi. Kama madoa mengine huyaoni, azima kwa wakala wa fedha ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Zima taa usiku, pitisha sakafuni. Mkojo unang'aa. Utashangaa ulipofika.

Kumsugua pua hapana. Mwambie mzee kwamba paka haunganishi adhabu na kosa, anaunganisha adhabu na mikono iliyomshika. Kesho atakojoa chini ya kitanda cha wageni ambako hamumfikii, na hapo ndipo kazi itakuwa kubwa. Akikosea, nyamaza, futa. Akitumia beseni, kipande cha samaki mara moja pale pale.

Vipimo vikionyesha kwamba ni viungo, ipo dawa ya maumivu ya paka, meloksikami, kwa dozi ndogo sana ya matone inayopangwa kwa uzito wake na baada ya figo kuangaliwa. Ya binadamu ya duka la dawa si hiyo. Akiwa mnene, kumpunguza taratibu kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Binti yako: asiguse beseni wala mchanga wake akiwa na mimba. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, na mayai yake yakishatoka yanahitaji angalau siku moja kabla hayajaweza kuambukiza, ndiyo sababu nyingine ya kusafisha kila siku. Afanye mwingine, kwa glovu, anawe. Paka mzee anayelishwa vilivyopikwa na asiyewinda panya mara nyingi hana hatari kubwa. Nyama isiyoiva vizuri na mchicha usiooshwa vinaambukiza pia, navyo havifukuzwi nyumbani. Kwa hiyo Dafu asifukuzwe.

Anza na beseni leo, usingoje vipimo, na mkojo upeleke wiki hii. Ukiniandikia tena, niambie vitu viwili: amekunywa mililita ngapi, na kama bado anapanda dirishani.