Usimfiche paroko ndoa yako ya kwanza, hata kama cheti chake kimeliwa na lava

Ndugu yangu wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, usithubutu. Umeuliza mafundisho ya watu wazima huchukua muda gani, kama utabatizwa tena ilhali ulikwisha kubatizwa katika kanisa la Kipentekoste huko Uvira, nani anafaa kuwa msimamizi wako, na kama ni lazima uchague jina la mtakatifu. Lakini katikati ya maswali hayo umepenyeza sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: kwamba kabla ya mama huyu Mkatoliki unayeishi naye sasa ulikuwa umeoa katika kanisa lenu, mkaachana, na kwamba rafiki yako amekushauri usimtajie paroko, yaani padri anayeongoza parokia, habari hiyo, kwa sababu ndoa ya Waprotestanti "haihesabiki" kwa Wakatoliki. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu hadi chai yangu ikapoa. Rafiki yako na yule aliyenipoteza mimi ni kama walinyonya ziwa moja.

Habari ya ubatizo niimalize haraka. Ikiwa ulibatizwa kwa maji, na mchungaji akatamka jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hutabatizwa tena. Utafundishwa, utaungama dhambi zako, utakiri imani ya Kanisa Katoliki mbele ya waamini, kisha utapewa Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, na kupokea Ekaristi. Ikiwa alitamka jina la Yesu peke yake, kama wafanyavyo wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Branham ambao hapa Bukavu hawakosekani, au ikiwa ulitoka kwa Wakimbangu, ambao hawabatizi kwa maji, basi wewe ni mkatekumeni kamili, yaani mtu anayeandaliwa kubatizwa, na utasubiri Mkesha wa Pasaka, ambapo utapokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi usiku mmoja. Muulize aliyekubatiza maneno aliyoyatumia. Sasa turudi kwenye ndoa.

Mimi nilioa Goma mwaka 1999, katika kanisa la Kiprotestanti, nikiwa na umri wa miaka 19. Niseme wazi kwamba aliyeoa alikuwa baba yangu. Mimi nilivaa koti tu. Alikuwa amekubaliana na rafiki yake, na akaniambia kwamba nikikataa nitafute paa lingine la kulala chini yake. Tuliishi na yule dada niliyeozwa chini ya miaka miwili, akarudi kwao, nami sikumfuata. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na kanisa letu likazikwa pamoja na daftari zake zote. Hata kanisa kuu la Wakatoliki halikupona siku ile. Nikahamia Bukavu, mwaka 2003 nikaanza maisha na mama watoto wangu, Mkatoliki tangu uchanga, na miaka kumi baadaye nikaomba kupokelewa katika Kanisa lake ili hatimaye tufunge ndoa.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja wa shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaani kwetu, mtu wa kubeba rozari nene kama mnyororo wa kufungia mashua, ambaye kila mmoja alimwona mjuzi wa mambo ya kanisa kwa kuwa alikuwa hakosi mazishi. Nilimweleza siri yangu nikitaka ushauri. Akaniuliza, "Cheti kiko wapi?" Nikamwambia kimeungua. "Na daftari?" Limeungua. "Basi, kijana wangu, na ndoa nayo imeungua. Nyamaza." Nakiri kwamba nilicheka, na nikaamini kwa sababu maneno yale yalikuwa matamu kuyasikia. Padri aliponiuliza katika mazungumzo yetu ya kwanza kama niliwahi kuoa, nikajibu, "Hapana, Padri." Maneno hayo mawili yalinigharimu miaka minne, sawa na miaka miwili kwa kila neno, na sidhani kama kuna wakili mjini anayetoza bei hiyo.

Ninakuomba usome sehemu hii polepole, kwa maana ndipo rafiki yako anapokudanganya. Sharti la kufunga ndoa mbele ya padri na mashahidi wawili linawafunga Wakatoliki. Haliwafungi Waprotestanti wawili wanaooana wao kwa wao. Kwa hiyo, ninyi wawili mliobatizwa mkioana kwa utaratibu wa kanisa lenu, Kanisa Katoliki linaichukulia ndoa yenu kuwa ndoa halisi, tena sakramenti. Laiti ungekuwa Mkatoliki ukaenda kufungia ndoa huko bila ruhusa, kesi yako ingekuwa fupi zaidi! Na kanuni ya 1060 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba ndoa inalindwa na sheria: penye shaka, huhesabiwa kuwa halali hadi kinyume chake kithibitishwe. Haisemi hadi cheti kiungue. Kanuni ya 1085 inaongeza kwamba hata kama ile ya kwanza ilikuwa batili, huruhusiwi kufunga nyingine kabla jambo hilo halijathibitishwa kisheria. Maana yake ni kwamba si wewe wa kuamua, wala rafiki yako, wala mzee mwenye rozari.

Mimi nilisoma mafundisho miaka miwili kwa bidii ya mwanafunzi anayetafuta tuzo. Ilipangwa nipokelewe wakati wa Pasaka ya mwaka 2015 na ndoa ifuate Jumamosi ya pili yake, na katika Kwaresima ndoa yetu ikaanza kutangazwa. Jumapili ya pili ya matangazo, katika safu ya besi ya kwaya, palikuwa na mtu mmoja mwenye ndevu ambaye nilikuwa nikimsalimia kwa miezi kadhaa bila kumtambua. Alikuwa shemeji yangu wa Goma. Hakupiga kelele, alimaliza kuimba, akavua joho, akaingia sakristia, chumba ambamo padri huvalia mavazi ya misa. Jumanne paroko akaniita, akaniuliza kwa upole ambao uliniumiza kuliko kofi, "Dada yake yuko hai?" Nikajibu kwamba yuko hai. "Basi tutaanza upya," akasema.

Mbuzi wawili wa karamu walikuwa wamekwisha kununuliwa. Walikula majani nyuma ya nyumba hadi watoto wakawapa majina, na baada ya hapo ni nani angeweza kuwachinja? Mashangazi walikuwa wameshona vitenge vya sare, wakavivaa sokoni kwa hasira. Hayo ninaweza kuyacheka. Nisiyoweza kuyacheka ni ya mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia kwamba ule wa Goma ulikuwa uchumba tu uliovunjika. Alikuwa akiongoza sala katika shirika, na kwa miaka 12 alikuwa amebaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kukomunika, kwa kuwa tuliishi bila ndoa ya kanisa, akihesabu miezi iliyobaki; na siku ile alijua ukweli pamoja na parokia nzima. Kwa wiki tatu hakuniita kwa jina. Alikuwa akiwaambia watoto, "Mpelekeeni yule chakula."

Nilipomwendea yule mzee kumwuliza, alisema alikuwa anatania. Bwana mkubwa, mtu anatania habari za sakramenti za mwenzake! Mpaka leo tukikutana ananiuliza habari za mbuzi.

Mwaka 2016 nilipeleka ombi langu kwenye mahakama ya Kanisa. Nilipanda boti kwenda Goma mara mbili kuwatafuta mashahidi, shangazi yangu na mzee mstaafu wa kanisa letu la zamani, waliokumbuka vitisho vya baba, kwa maana ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa na hofu inaweza kutangazwa kuwa batili. Yule dada naye aliitwa atoe ushahidi, kama sheria inavyotaka, na alieleza kwamba hata yeye hakuulizwa. Yuko pia mlinzi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuitetea ndoa dhidi yako, naye aliifanya barabara. Bahati yangu ni kwamba mwaka 2015 Papa Fransisko alikuwa ameurahisisha utaratibu, hukumu moja ikatosha pale ambapo zamani zilihitajika mbili zinazokubaliana. Hukumu ilitoka mwishoni mwa mwaka 2017, na mwezi uleule nilipokelewa na kufunga ndoa. Yule shemeji aliimba.

Sasa piga hesabu. Kama ningesema ukweli mwaka 2013, kesi ingetembea pamoja na mafundisho, na ninyi msingekuwa na kisa cha kusoma hapa. Kwa hiyo mwambie paroko habari ya ndoa kabla ya somo la kwanza, hata kabla hajakuuliza. Mpe jina la kanisa, mwaka, kama mkeo wa kwanza alikuwa amebatizwa au la, na majina ya waliokuwapo ambao bado wako hai. Swali la ubatizo wake ni zito: yule ambaye mkewe hakubatizwa anaweza kuwa na njia nyingine, na ambaye mkewe amefariki ana nyingine tena, lakini usijichagulie njia mwenyewe ukiwa umekaa na marafiki.

Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, na asiwe mzazi wako. Mimi naongeza: asiwe huyo rafiki yako.

Kwetu ofisi ya paroko hufungwa Jumatatu. Nenda Jumanne asubuhi, kabla foleni ya wanaoombea marehemu misa haijawa ndefu, na uanze na ndoa. Jina la mtakatifu litasubiri.