Dokta, nani kaleta hepesi nyumbani?

Ujumbe wa wiki hii karibu wote umetoka kwa wanaume, na wengi wanaulizia malengelenge ya sehemu za siri, yaani hepesi. Nimechukua mitano.

Shikamoo dokta. Nilitokwa na vipele vya maji kwenye uume, vikapasuka vikawa vidonda, kukojoa ni moto mtupu. Nikafungua kidonge cha rangi mbili, nikanyunyizia unga wake, vikakauka. Mwezi huu vimerudi palepale. Niliuziwa dawa feki? (Bodaboda, Mbagala)

Marahaba. Huenda dawa ilikuwa nzima kabisa, ila hiyo ni ya bakteria, na hepesi ni kirusi. Vidonda vilikauka kwa sababu hukauka vyenyewe. Mara ya kwanza huchukua wiki mbili hadi nne. Kirusi chenyewe hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kisha siku moja kinashuka tena.

Hata hivyo usijipime kwa macho. Kaswende huleta kidonda kisichouma, pangusa huleta kinachouma, na mtu anaweza kuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Temeke, vidonda vikiwa bado vibichi, maana vikishakauka mtaalamu hana cha kuchukulia kipimo. Pima na VVU hapohapo: mwenye hepesi aina ya pili ana hatari ya kuambukizwa VVU karibu mara tatu ya asiye nayo. Kwa ule moto, kunywa maji mengi, na ujimiminie maji ya vuguvugu wakati unakojoa. Unga wa rangi mbili uache.

Mke wangu amepima damu, amekutwa na hepesi. Ndoa yetu ina miaka tisa na mimi sijawahi kutoka hata kipele. Ndugu zangu wanasema nimrudishe kwao. (Tabata)

Kaka, hao ndugu wametoa hukumu bila ushahidi. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba kirusi kimewahi kuingia mwilini. Hakisemi kiliingia lini, wala kililetwa na nani. Wengi wenye hepesi hawajawahi kuona dalili, au waliona muwasho kidogo wakadhani ni joto la Dar na nguo ya ndani iliyobana. Anaweza kuwa nayo tangu kabla hujamjua. Unaweza kuwa nayo wewe, ukamwambukiza bila kujua. Tena vile vipele vya mdomoni tunavyosema "homa inatoka" ni hepesi pia, mara nyingi aina ya kwanza, na vinahamia sehemu za siri kwa ngono ya mdomo.

Sisemi hakuna aliyechepuka. Nasema kipimo hiki hakiwezi kukujibu hilo. Nenda ukapime na wewe, kisha mkae na mtaalamu wawili tu, bila shangazi wala mjomba.

Nimeuziwa dawa ya asili ya "kukata mzizi" wa hepesi. Nitapona? (Kariakoo)

Hapana. Hakuna dawa ya kuimaliza, na anayekuahidi hivyo anataka pesa yako. Iliyopo ni asiklovia, vidonge vinavyofupisha siku za maumivu. Kwa kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10 kwa mara ya kwanza, siku 5 vikijirudia, lakini akupangie daktari, hasa kama una shida ya figo. Anza mara tu unaposikia muwasho au kuchomachoma, usisubiri malengelenge. Vikikurudia mara kwa mara, muulize kuhusu dozi ya kila siku. Hiyo inaweza kupunguza pia hatari ya kumwambukiza mwenzako.

Nina hepesi, mke wangu ana mimba ya miezi saba na sijamwambia. Tunatumia kondomu. Inatosha? (Kigamboni)

Haitoshi. Kondomu inapunguza hatari, lakini haifuniki korodani wala kinena, na kirusi hutoka kwenye ngozi hata siku isiyo na kidonda. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza miezi hii ya mwisho, mwili wake haujapata muda wa kumpa mtoto kinga. Hepesi kwa mtoto mchanga hutokea mara chache, ila inaweza kushambulia ubongo na kuua.

Mwambie leo. Kama hajaambukizwa, acheni tendo hadi ajifungue, na la mdomo pia. Muende kliniki pamoja, wauguzi wajue. Akiwa na vidonda wakati wa uchungu, atajifungua kwa upasuaji. Kama alishakuwa nayo tangu zamani, hatari kwa mtoto ni ndogo sana, kwa hiyo msiingie hofu kabla ya kupima.

Mkanda wa jeshi nao ni hepesi ya ngono? (Sinza)

Hapana. Huo unatokana na kirusi cha tetekuwanga, na hauletwi na ngono. Ila ukikutoka ukiwa bado kijana, kapime VVU.