Mwalimu, usisajili kwa jina lako

Mwalimu, umeuliza kama usajili tovuti ya ile shule ya Kayole kwa jina lako, kwa vile mkuu wa shule anadai hana muda. Usithubutu. Mimi nilifanya hivyo kwa duka moja la vipuri Kirinyaga Road. Mwenyewe akabadilisha namba ya simu, mwaka ukaisha, ada ya kuhuisha jina la tovuti nikailipa kutoka mfukoni mwangu. Shule isajiliwe anwani inayoishia na .sc.ke, ile ya shule za Kenya, kwa jina na barua pepe yake. Biashara ndogo ichukue .co.ke.

Picha za watoto je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, kwa hivyo dai fomu zilizotiwa sahihi kabla hujapandisha hata picha moja ya siku ya michezo. Anza na picha za basi la shule na madarasa matupu.

Malipo: nusu iingie M-Pesa ndipo ufungue kompyuta. Na ukurasa wa karo ujaribu kwenye simu ya bei nafuu, si laptopu yako. Mzazi atausoma akiwa kwenye matatu, data ikikaribia kuisha. Na hilo la kujifunza kutengeneza tovuti mwenyewe, bila chuo, usilionee haya. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti.