Uliza Ujibiwe: Nikasome kinesiolojia au fiziotherapia?

Matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, barua zenu huwa na kilio kimoja: nisome nini, na nikimaliza nitafanya kazi wapi. Safari hii wengi mmeuliza kuhusu kinesiolojia, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, na fani zinazoizunguka. Tumechagua barua tano. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye mitego.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), naishi Mbagala. Naona vyuo vingi vya Marekani na Kanada vinafundisha kinesiolojia, ila vyuo vya hapa nyumbani vinatumia majina mengine. Nataka kuja kutibu wachezaji walioumia. Nianzie wapi?

Marahaba, mdogo wetu. Hapa nchini masomo hayo yamegawanywa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina shahada ya elimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, inafundishwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, na KCMUCo, chuo cha tiba cha KCMC, Moshi. Moshi hukohuko ndiko wanakofundishwa watengenezaji wa viungo bandia. Kwa hiyo usitafute jina, tafuta kazi.

Na wewe kazi umeshaitaja: kutibu. Neno hilo linakata shauri. Shahada ya kinesiolojia ya Marekani peke yake haimpi mtu leseni ya fiziotherapia. Mhitimu akitaka kuwa mfiziotherapia kule anaendelea na shahada ya udaktari wa fiziotherapia, kwa kawaida miaka mitatu juu ya ile minne. Kanada anahitaji shahada ya uzamili. Hata wale wanaokimbilia uwanjani mchezaji akianguka, siku hizi Marekani huingia kazini kwa shahada ya uzamili. Jimbo la Ontario, Kanada, limewasajili wanakinesiolojia kama taaluma inayojitegemea tangu 2013, na hata huko kuna mtihani wa usajili. Afrika Kusini wana biokinetiki, taaluma ya kurekebisha mwili kwa mazoezi, nayo iko chini ya baraza lao la wataalamu wa afya.

Sasa tuseme umeenda, umerudi na shahada yako ya kinesiolojia. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ikiitambua, imesema kwamba shahada ni halali na chuo ni halali. Haijasema uguse mgonjwa. Hayo ni maswali mawili, yana ofisi mbili, moja ya shahada na nyingine ya leseni, na wengi huyagundua wakiwa wameshalipa ada ya miaka minne. Ushauri wetu kwako ni fiziotherapia hapahapa nyumbani: miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Ubobezi wa michezo utausoma kwenye uzamili, na hapo ndipo safari ya nje inapolipa.

Matokeo yakitoka, fungua mwongozo wa TCU wa waombaji wa kidato cha sita, nenda kwenye mstari wa programu yenyewe, usome masharti yote. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kosa la kila mwaka ni kujumlisha pointi na kusahau kwamba kuna kiwango cha chini kwa kila somo. Mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 10, anatamba mtaani. Mstari ukisema Fizikia isipungue D, pointi zake 10 hazimsaidii kitu, na mwenye D tatu, pointi 6, anaweza kumpita mlangoni.

Maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, ule utaratibu wa kupitia TCU uliisha 2017. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na namba hiyo ina tarehe ya mwisho. Basi laini ya simu uliyoombea isiwe ya rafiki, wala ile ya binamu anayesafiri.

Mimi ni mzazi, Tabata. Binti yangu amesoma CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), fizikia aliiacha kidato cha pili. Anapenda michezo kupita kiasi. Je, sayansi ya michezo itamfaa, au naye atakwama?

Mama, mlango wa fiziotherapia na CBG ni mgumu, kwa sababu fizikia inadaiwa. Sayansi ya michezo upande wa ualimu ni njia ya kweli: itampa shule, vilabu, vituo vya mazoezi na kazi za maendeleo ya michezo. Ila asidhani ameikimbia fizikia. Itamkuta kwenye baiomekaniki, yaani hesabu za kani mwilini.

Mwombe ajaribu hesabu hii. Mtu ameshika chuma cha kilo 5, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90. Kutoka kiwiko hadi kiganja ni sentimita 35. Msuli wa mbele wa mkono umejishikiza sentimita 4 tu kutoka kwenye kiwiko. Kilo 5 zinavuta kwa kani ya nyutoni 49. Zidisha kwa mita 0.35, unapata momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 17.15. Gawanya kwa mita 0.04: msuli unalazimika kuvuta kwa takriban nyutoni 429, sawa na kubeba kilo 44 hivi, na hapo uzito wa mkono wenyewe hatujauweka. Ndiyo maana kano hukatika kwa mizigo ambayo mtazamaji anaiona midogo.

Akiielewa hesabu hiyo bila kusukumwa, atamudu. Asipoielewa, kuna miezi kadhaa kati ya matokeo na kufunguliwa vyuo. Arudie vitabu vya fizikia vya kidato cha kwanza hadi cha tatu, sura chache tu: kani, momenti, sheria za Newton, kazi na nishati. Umeme na mwanga aachane navyo kwa sasa. Aongeze takwimu za msingi: wastani, mchepuko sanifu, kusoma grafu.

Niko mwaka wa kwanza. Nakesha na anatomia, nakariri kurasa nzima, lakini ule mtihani wa kuhama meza kwa meza unaniangusha. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba unakariri maneno, na pale mezani unaulizwa kitu. Kila msuli una majibu manne: unaanzia wapi, unaishia wapi, unafanya nini, unaendeshwa na neva gani. Yaandike kwenye kadi moja, na usiiweke kadi chini kabla hujaupapasa huo msuli kwenye mwili wa mtu aliye hai.

Chukua infraspinatasi, msuli wa nyuma ya bega. Inaanzia kwenye uwanda wa chini wa bapa la bega, inaishia kwenye kinundu kikubwa cha mfupa wa juu wa mkono, inazungusha mkono kwa nje, inaendeshwa na neva ya juu ya bapa, mizizi ya shingoni C5 na C6. Sasa mwambie mwenzako akunje kiwiko nyuzi 90, akibane ubavuni. Weka vidole vyako vitatu chini ya ule ukingo wa mfupa unaokatiza bapa la bega. Mwambie asukume kiganja nje, wewe ukizuia kwa mkono wa pili. Utausikia msuli ukijaa chini ya vidole. Kiwiko kikiachwa kiende mbali na ubavu, msuli wa kofia ya bega utaingilia kazi na utakuwa unapapasa jibu lisilo lako.

Misuli minne inayolishika bega isome pamoja, kwa sababu huumia pamoja na huulizwa pamoja. Usisome mkono leo na mguu kesho kwa kufuata alfabeti ya kitabu. Na kwa kuwa hukusema kama umeshaanza vipimo, tunakuwahi: goniomita, ile rula yenye mikono miwili ya kupimia viungo, itakusumbua vilevile.

Kupima goti, mgonjwa alale chali. Kitovu cha goniomita kikae kwenye kinundu cha nje cha mfupa wa paja, karibu kabisa na goti. Mkono usiosogea uelekee kwenye nundu kubwa ya nyonga, mkono unaosogea uelekee kwenye kifundo cha nje cha mguu. Mwambie avute kisigino kuelekea makalioni, nyonga ikijikunja yenyewe. Mtu mzima mwenye goti zima hufika nyuzi 135 hivi, wengine zaidi. Makosa ni yaleyale kila muhula. Kupima juu ya suruali, ukikisia nundu ilipo. Kusoma ukiwa umesimama, jicho likiwa juu ya kipimo badala ya usawa wake. Kumlaza mgonjwa kifudifudi, halafu kushangaa goti limepungua: msuli mmoja wa mbele ya paja unapita nyonga na goti kwa pamoja, na nyonga ikinyooka msuli huo hukaza, ukalizuia goti kabla halijafika mwisho wake. Mwalimu akiona namba yako na ya mwenzako zinapishana kwa nyuzi 2 au 3 hatasema kitu. Zikipishana kwa 15, mmoja wenu hakugusa mfupa.

Mimi ni mwalimu wa gym, Sinza, miaka mingi sasa. Wateja wangu wengi ni watu wazima wenye presha na sukari. Nikachukue cheti cha kimataifa au nirudi chuo?

Kaka, inategemea vyeti vyako vya shule. Kama una kidato cha sita au diploma yenye GPA ya 3.0, anza kutafuta chuo. Vyeti vya ACSM na NSCA, vyama vya Marekani vya wataalamu wa mazoezi, vina heshima, lakini vile vya juu vinadai shahada kwanza, na NSCA imetangaza kwamba kuanzia 2030 cheti chake cha makocha wa nguvu kitadai shahada kutoka programu yenye ithibati yake. Vyote viwili vinadai cheti hai cha kuokoa mtu aliyesimama moyo, chenye sehemu ya vitendo. Cha kubofya mtandaoni peke yake kinakataliwa.

Wakati unajipanga, wateja ulionao hawasubiri. Ile kanuni ya 220 ukitoa umri inampa mtu wa miaka 45 mapigo 175 kwa dakika, lakini ni makadirio, na watu wazima wengi hupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa anayemeza dawa za presha kama atenolol au propranolol haifai kabisa, maana dawa hizo huuzuia moyo usipande. Ukimsukuma afikie namba ya kwenye chati ya ukutani, unamuumiza. Tumia maongezi: akiweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, kasi ni ya wastani. Anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5.0 mmol/L, ale kwanza wanga wa gramu 15 hadi 30. Presha ya mapumziko ikivuka 200 kwa namba ya juu, au 110 kwa ya chini, siku hiyo hakuna mazoezi, ni hospitali.

Kabla ya mteja mpya kugusa chuma, mjazishe fomu ya maswali ya afya na uitunze. Ukija kuomba chuo au kazi, faili hizo, majina yakiwa yamefichwa, zinasema zaidi ya picha za Instagram.

AFCON 2027 inakuja kwetu pamoja na Kenya na Uganda. Nikimaliza shahada, si ajira zitajaa? Na nitapataje kujionea kazi yenyewe kabla?

Mashindano ya mwezi mmoja yanatoa vibarua, si ajira. Vilabu vikubwa vina nafasi chache na timu huja na watu wake. Kazi ya kudumu iko wodini: waliopata kiharusi, majeruhi wa bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo. Asiyewapenda hao atateseka kwenye fani hii hata akiwa na fulana ya timu.

Kujionea kazi, andika barua ya ukurasa mmoja kwa kitengo cha fiziotherapia, si kwa hospitali kwa ujumla. Unaweza kuanza na MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, au hospitali ya CCBRT, Msasani. Taja siku unazoomba, kwa mfano asubuhi mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, na uambatanishe barua ya shule. Omba kutazama, usiombe kusaidia. Vaa viatu vilivyofunika vidole, simu iache kwenye begi. Kila siku andika tarehe, saa ulizokaa na ulichokiona bila jina la mgonjwa, na umwombe msimamizi atie saini hapohapo, kwa sababu mwezi ukishapita ni vigumu kumpata, na baadhi ya vyuo vya fiziotherapia vya Marekani vinataka saa hizo zenye saini.