Msaidie jirani kabla ICE hawajagonga

Tangu msako wa ICE, chombo cha serikali kuu ya Marekani kinachokamata wahamiaji na kuwaondoa nchini, ushike kasi mwaka 2025, swali ninaloulizwa zaidi na ndugu zangu tunaoongea Kiswahili hapa Marekani ni hili: mimi ambaye karatasi zangu ziko sawa, nimfanyie nini jirani ambaye zake zina mashaka? Wengi wanaouliza wanaiwaza siku ya tukio lenyewe, magari yameegeshwa nje, watu wenye barakoa wanagonga mlango. Nimekaa na familia kadhaa zilizopitia hayo, wengi wao Wakongo na Warundi, na ninachoweza kusema ni kwamba siku hiyo hakuna mengi yanayowezekana. Kama watoto watalala mahali salama usiku ule, kama wakili atajua mteja wake yuko wapi, yote yanategemea kazi iliyofanyika wiki au miezi kabla, mezani, kwa kalamu na bahasha.

Tuelewane kwanza kuhusu aliye hatarini. Tulizoea kuambiana kwamba aliyeingia kihalali hana cha kuogopa. Haiko hivyo tena. Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwawekea maofisa wa ICE mipaka ya kukamata watu shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada. Kuanzia Mei mwaka huohuo watu wakawa wanakamatwa kwenye korido za mahakama za uhamiaji, wamekuja wenyewe kusikiliza kesi zao. Januari 2026 huko Minnesota msako ukawafikia hata wakimbizi, watu waliochujwa kwa miaka wakiwa kambini na kuletwa na serikali hiyohiyo, kwa kuwa tu walikuwa hawajapata green card. Kwa hiyo usijipe kazi ya kuchambua ni nani anastahili kusaidiwa. Familia inayoonekana imetulia kabisa huenda nayo hailali.

Namna ya kuanza mazungumzo ina uzito wake. Usimuulize mtu ana hadhi gani ya uhamiaji. Huhitaji kuijua ili umsaidie, na usichokijua hakiwezi kukuponyoka mdomoni ukihojiwa. Jirani yangu mmoja, mama wa Kikongo, nilimfuata nikamwambia hivi: "Mama, siulizi habari za karatasi. Nataka tu ujue kwamba watoto wakikwama shuleni naweza kuwafuata, na namba yangu hii hapa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na usiku? Nikikupigia usiku utapokea?" Nikamwambia nitapokea. Hakuomba kitu kingine siku ile. Baadaye akaja mwenyewe na mfuko wa plastiki umejaa karatasi, akaumimina juu ya meza yangu.

Ule mfuko ndio uliniletea somo kubwa kuliko semina zote za haki za wahamiaji nilizohudhuria. Kwenye kibali chake cha kazi, jina la ukoo lilikuwa moja. Kwenye fomu ya I-94, ile ya kumbukumbu ya kuingia nchini, jina hilohilo lilikuwa limeandikwa kama jina la katikati, na la katikati limekuwa la ukoo. Wakongo wengi wana majina matatu, na kila karani huyapanga anavyojua yeye. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa 1 Januari, ile wanayoandikiwa wakimbizi wengi wasio na cheti. Nchi ya kuzaliwa iliandikwa Kongo, lakini mwanawe mkubwa alizaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na karatasi zake zinasema Tanzania.

Haya yanaonekana madogo mpaka siku mtu akamatwe. ICE wana tovuti ya kuwatafuta walio kizuizini, na inatafuta kwa njia mbili: ama kwa namba ya A, yaani namba ya faili la uhamiaji la mtu, pamoja na nchi aliyozaliwa, ama kwa jina lake na nchi aliyozaliwa. Ukitumia jina, lazima liwe kama walivyoliandika wao, herufi kwa herufi. Ukiweka Kongo kumbe faili linasema Tanzania, tovuti itakujibu hakuna mtu kama huyo. Ndugu watazunguka wakipiga simu kila jela huku mtu wao anahamishwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Ndiyo maana ukifanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, nakuomba liwe hili: kaa na jirani, mtafute namba ya A, ile yenye tarakimu 9 iliyoko kwenye kibali cha kazi, kwenye green card na kwenye barua za mahakama. Iandikeni. Chini yake andikeni majina yote jinsi yalivyo kwenye karatasi za serikali, tarehe ya kuzaliwa na nchi. Nakala moja ibaki kwake, nyingine ikae kwa mtu anayemwamini. Huyo mtu si lazima awe wewe, na asipokuchagua usinune.

Kwenye bahasha hiyohiyo weka namba ya wakili, nakala za karatasi, majina ya dawa wanazotumia nyumbani na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Namba za simu mbili tatu za muhimu jirani azikariri kichwani, kwa sababu simu yake itachukuliwa.

Watoto ndio wanaonikosesha usingizi. Shule haimkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye orodha ya dharura, hata kama mtoto mwenyewe anamkimbilia na kumwita shangazi. Mzazi aende shuleni aongeze jina lako mapema. Kisha kuna hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kumlea mtoto kwa muda, kumpeleka hospitali na kumsainia mambo ya shule. Kila jimbo lina utaratibu wake, na kliniki nyingi za msaada wa kisheria huziandaa bure. Kama mtoto amezaliwa hapa, apatiwe pasipoti ya Marekani wakati wazazi wote wawili wapo, kwani kwa aliye chini ya miaka 16 kwa kawaida ridhaa ya wote wawili inatakiwa. Baba akishakuwa kizuizini, karatasi hiyo inageuka safari ndefu.

Kuhusu mlango. Mara nyingi maofisa hubeba fomu I-200, hati ya kumkamata mtu, au I-205, hati ya kumwondoa nchini. Hizo zimesainiwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe. Hati inayoruhusu kuingia nyumbani kwa mtu bila idhini yake, kwa msimamo ambao mahakama zimeushikilia kwa muda mrefu, ni ile iliyosainiwa na jaji wa mahakama, ikiwa na anwani sahihi. Mwambie jirani asifungue, aombe hati ipitishwe chini ya mlango au ioneshwe dirishani, aangalie nani kasaini. Watoto nao wafundishwe, kwa sababu mtoto ndiye hukimbilia mlango. Lakini sitaki kumpa mtu matumaini ambayo hayapo: mapema 2026 vyombo vya habari viliripoti waraka wa ndani wa ICE unaodai kwamba I-205 inatosha kuingia kwa nguvu. Wakiingia, asipigane nao, asikimbie. Aseme haridhii upekuzi, anyamaze, aombe wakili. Kunyamaza ni haki yake. Kudanganya au kutoa kitambulisho cha uongo ni kosa linaloweza kuiua kesi nzima. Na asisaini kitu asichokielewa, hasa karatasi ya kukubali kuondoka kwa hiari.

Wewe uliye nje unaweza kurekodi video mahali pa umma ukiwa umesimama mbali. Usizuie njia, usimguse ofisa, usimfiche mtu, usiseme uongo. Elewa pia kwamba uraia haukukingi na kila kitu. Renee Good na Alex Pretti, wote raia wa Marekani, waliuawa kwa risasi na maofisa wa serikali kuu jijini Minneapolis Januari 2026, mmoja tarehe 7 na mwingine tarehe 24. Nawaambia hivi wenye green card, wenye viza za masomo na wanaosubiri hifadhi: mstari wa mbele si mahali penu. Kupika, kuendesha gari, kutafsiri barua, kukaa na watoto, kufuata dawa, hizo ni kazi nzito na kila wiki zinakosa watu.

Halafu tuache kurusha ujumbe wa WhatsApp tusioujua ulikotoka. "ICE wako sokoni, msitoke!" Mama anakosa siku ya kazi, mtoto anakosa kliniki, kumbe gari lilikuwa la polisi wa kawaida. Ukiona kitu, andika ulichokiona kwa macho yako: wangapi, wanafanya nini, wapi hasa, saa ngapi, wamevaa nini, magari gani. Itume kwa kikundi cha eneo lenu kinachohakiki taarifa. Picha za nyuso na nyumba za majirani usizisambaze.

Mtu akishachukuliwa, mbio ni kwa wakili. Mahakama za uhamiaji hazimpi mtu wakili wa kulipiwa na serikali, hata awe mtoto. Wakili akipatikana kabla mtu hajapelekwa mbali, Texas au Louisiana ambako wengi huishia, anaweza kufungua ombi kwenye mahakama ya shirikisho iliyo karibu na nyumbani kupinga kuzuiliwa kwake. Dhamana ya uhamiaji, inaporuhusiwa, haipungui dola 1,500, na mara nyingi huwa juu zaidi ya hapo. Tangu Julai 2025 serikali imeshikilia kwamba walioingia bila kukaguliwa mpakani hawana haki ya kuiomba, jambo ambalo majaji wengi wamelikataa. Hapo ndipo wakili anahitajika, si mjomba anayejua kujaza fomu. Tahadhari na hao wajomba. Mtu anayeruhusiwa kushughulikia kesi ya uhamiaji ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na mthibitishaji wa saini (notary) si mmoja wao. Nimeona familia ikilipa pesa ya kodi ya nyumba kwa mtu wa aina hiyo, na maombi ya hifadhi yakachelewa kupita mwaka mmoja unaowekwa na sheria.

Ndugu wengine hukimbilia kupiga simu ubalozini. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kujulishwa, na kwa Mkenya au Mtanzania asiye na ugomvi na serikali yake hilo lina faida. Kwa anayeomba hifadhi kwa sababu anaikimbia serikali hiyohiyo, usipige simu hiyo kabla wakili hajasema.

Michango tunaijua, hatuhitaji kufundishwa. Nitasema mawili tu. Jina la familia na sababu ya mchango visiandikwe kwenye kundi la watu mia tatu. Na msimalize pesa zote kwa wakili, kwa sababu aliyekamatwa mara nyingi ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba, na mwisho wa mwezi haungoji kesi iishe.

Hofu imewafanya wengine wafikirie kutokwenda mahakamani. Nawaelewa, lakini asiyetokea huamriwa kuondolewa nchini bila kusikilizwa, na amri hiyo ni ngumu mno kuitengua. Tarehe ya kesi inaweza kuhakikishwa kwa simu ya mahakama za uhamiaji, 1-800-898-7180, ukiwa na namba ya A. Jirani akihama, mahakama ijulishwe ndani ya siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33, na idara ya uhamiaji (USCIS) ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Barua iliyokwenda anwani ya zamani imewaponza wengi.

Siku ya mahakama au ya kuripoti kwa ICE, asiende peke yake. Azungumze na wakili siku chache kabla, kisha raia mmoja amsindikize. Msindikizaji akae na ufunguo wa gari, simu ya jirani, na bahasha. Watoto wabaki kwa mtu mwingine anayejua kwamba huenda wakalala hapo. Saa za ofisi zikiisha jirani hajatoka, simu ya kwanza iende kwa wakili, ukimtajia namba ya A na jina la ofisa kama ulilipata. Ya pili iende kwa aliyebaki na watoto. Ndugu wa Kinshasa, Bujumbura au Nairobi wataambiwa baada ya hapo, na waambiwe lile lililothibitika tu.